"Mageuko ni nadharia tu": jibu kwa mama aliyeletewa barua asaini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu yuko darasa la tisa katika shule ya serikali huku Pennsylvania. Kanisani tumeletewa barua tusaini, ya kuiomba bodi ya shule wanafunzi wafundishwe usanifu wenye akili, yaani kwamba viumbe vina ufundi mwingi kiasi kwamba lazima yupo aliyevisanifu, sambamba na mageuko ya viumbe, yale ya Darwin, kwa kuwa mageuko nayo ni nadharia tu. Mimi naona ni haki pande zote mbili zisikike. Je, kisheria inawezekana? Na kisayansi kuna kosa gani? Mama Neema.

JIBU: Marahaba, Mama Neema.

Nianze na sheria, maana hiyo ni fupi. Haiwezekani. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, iliifuta sheria ya Louisiana iliyotaka "sayansi ya uumbaji" ifundishwe pamoja na mageuko, kwa hoja kwamba lengo lake lilikuwa la kidini na katiba haiiruhusu serikali kusimika dini. Usanifu wenye akili ukashika kasi baada ya hapo, nao ukafikishwa mahakamani huko huko kwenu Pennsylvania, kesi ya wazazi 11 dhidi ya bodi ya shule ya Dover, iliyoagiza wanafunzi wasomewe tangazo la kuutaja usanifu huo. Hukumu ya Desemba 20, 2005, yenye kurasa 139, iliukataa. Ni kweli ni hukumu ya mahakama ya shirikisho ya ngazi ya wilaya tu na haikukatiwa rufaa, kwa sababu wajumbe walioleta balaa walikuwa wameshabwagwa kwenye uchaguzi wa mwezi uliotangulia. Lakini bodi mpya iliachiwa bili ya mawakili wa wazazi, zaidi ya dola milioni 1. Bodi yenu ikipata mwanasheria mzuri itakumbushwa hilo kabla chai haijapoa.

Sasa nije kwenye kinachoniuma, nacho ni hilo neno "tu".

Sisi wa Kiswahili tumepata mkosi maradufu. Shuleni tulizoea nadharia huku na vitendo kule: mtihani wa nadharia asubuhi, wa vitendo mchana. Fundi gereji akimdharau kijana aliyetoka chuo husema, "Huyo ana nadharia tu, mpe spana umwone." Basi tukisikia "nadharia ya mageuko", masikio yetu yanapokea maneno matupu ya ubaoni. Mwanasayansi analitumia neno hilo kwa maana nyingine kabisa. Kwake nadharia ni maelezo yaliyofunga ushahidi mwingi kwenye furushi moja, yanayothubutu kutabiri jambo ambalo likipimwa na kukosekana, maelezo yenyewe yanaanguka. Kwamba maradhi ya kuambukiza huletwa na vijidudu ni nadharia pia. Sijamwona mgonjwa aliyemwambia daktari wa upasuaji asinawe mikono kwa sababu hiyo ni nadharia tu.

Unaikumbuka klorokwini, Mama Neema? Ile iliyokuwa inatuwasha mwili mzima usiku kucha, mtu anajikuna mgongo kwa kichana. Tanzania iliiacha mwaka 2001, ikaja dawa ya SP, nayo ikaachwa, na kufikia mwisho wa 2006 tukaanza dawa mseto. Klorokwini haikuachwa kwa ajili ya muwasho. Miongoni mwa mabilioni ya vimelea vya malaria, vichache vilikuwa na badiliko dogo kwenye jeni moja ya urithi, badiliko lililoviwezesha kuitoa dawa nje ya kifuko wanachomeng'enyea chakula. Dawa ikaua wenzao, wao wakabaki, wakazaana. Hayo ni mageuko, yametokea ndani ya damu zetu. Na utamu uko Malawi. Wao waliiacha klorokwini mwaka 1993. Sasa, ikiwa badiliko lile lina gharama kwa kimelea, nadharia inatabiri kwamba dawa ikiondoka, vimelea vya kawaida vitarudi kutawala. Walipopima tena miaka kama kumi na ushee baadaye, vimelea sugu vilikuwa karibu vimetoweka na klorokwini inaponya upya. Nadharia "tu" imetabiri, ikapimwa, ikapita.

Haya, usanifu wenye akili unatabiri nini? Hapo ndipo shahidi mkuu wa bodi ya Dover, Michael Behe, ambaye ni mwanabiokemia wa kweli na si mhuni, alipokwama. Hoja yake anaieleza kwa mtego wa panya: ubao, springi, nyundo, kishikizo, fimbo, toa kimoja hunasi panya, kwa hiyo vyote vililetwa pamoja na msanifu. Kisha anauhamishia kwenye mkia wa bakteria, ule unaozunguka kama pangaboi. Kenneth Miller, mwanabiolojia na Mkatoliki wa kuhudhuria misa, alikwishautoa mtego vipande viwili akauvaa kama kibanio cha tai. Haunasi panya tena, ila unabana tai barabara. Bakteria nao hivyo hivyo: wapo wenye sindano ya kuchomea sumu iliyojengwa kwa protini za ukoo mmoja na zile za shina la mkia. Kipande kilichokosa kazi hii kina kazi nyingine, na hapo hoja nzima inalegea.

Behe alikuwa ameandika pia kwamba sayansi haina majibu kuhusu chanzo cha kinga ya mwili. Wakili wa wazazi akamrundikia mezani machapisho 58, vitabu 9 na sura kadhaa za vitabu vya kiada kuhusu jambo hilo hilo. Akajibu kuwa havitoshi. Alipobanwa kuhusu maana ya nadharia, alikiri kwamba kwa tafsiri yake pana hata unajimu ungeingia. Unajimu! Ule wa vibao vilivyopigiliwa misumari kwenye nguzo za umeme: nyota, kuvuta mpenzi, mali bila masharti. Huo ndio mlango mnaoombwa kuufungua kwa saini.

Nirudi kwenye barua yenu, maana inanikumbusha Dover kupita kiasi. Pale pia kulikuwa na mchango wa kanisani. Pesa zilikusanywa kununulia shule nakala zipatazo 60 za kitabu cha kutetea usanifu, Of Pandas and People, kisha wahusika wakaulizwa chini ya kiapo zilitoka wapi, wakaanza kubabaika. Jaji John E. Jones, mtu aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, aliandika kwamba watu waliojigamba hadharani kwa imani yao walisema uongo mara kwa mara kuficha nyayo zao. Nami ninayeimba besi kwaya kila Jumapili, hiyo sentensi iliniingia kuliko biolojia yote iliyomo humo. Na kitabu chenyewe? Wazazi walizipata rasimu zake za zamani. Baada ya hukumu ya 1987 neno "creationists", yaani wanauumbaji, lilikuwa limefutwa na kuwekwa "design proponents", watetezi wa usanifu. Mahali pamoja aliyefuta alikuwa na haraka, pakabaki "cdesign proponentsists". Kama kibao cha duka kilichopakwa rangi mpya, jina la tajiri wa zamani linachungulia chini.

Walimu wa sayansi wa Dover, Januari 2005, walikataa kuwasomea watoto lile tangazo la aya 4 kuhusu usanifu. Ikabidi wakubwa wa shule waingie darasani kulisoma wenyewe. Walimu hao ndio ninaowaonea wivu. Kwetu wapo wanaofika mada ya mageuko kidato cha nne wakawaambia watoto, "Haya ni ya mtihani, msiyaamini," wakafunga daftari. Mtoto anatoka pale akijua kukariri jina la Darwin na kudharau ushahidi.

Na wapo wachuuzi. Shule niliyokuwa nafundisha zamani aliletwa "daktari", sikuwahi kuelewa wa nini, na projekta na picha ya ule mkia wa bakteria. Wanafunzi wakaduwaa, na haki yao, picha ni nzuri. Nikamwomba aniambie jaribio moja tu ambalo maabara yake ingelifanya Jumatatu, ambalo matokeo yakienda vingine angekiri amekosea. Akanijibu kwamba swali langu lina kiburi. Mlangoni mkewe alikuwa anauza CD za mhadhara pamoja na mafuta ya kutibu kisukari, presha na uzazi, bei moja. Watu wa namna hii siku hizi wanakuja kwa WhatsApp, na karatasi ya maswali ya kumbana mwalimu wa biolojia. Wakikuletea, wapelekee swali langu la Jumatatu.

Kwa hiyo usisaini. Kijana akitaka kujifunza uumbaji, Jumapili ipo, nyumbani papo, na hata shule ya serikali inaruhusiwa kufundisha kuhusu dini za watu katika somo la jamii au fasihi. Hakuna anayewazuia. Kinachokatazwa ni kuivisha koti la maabara.

Na akipata nafasi, mwambie ampigie bibi yake amuulize ile dawa ya malaria iliyokuwa inawasha ilikwenda wapi. Halafu ampeleke mwalimu wake jibu hilo.