Uboho wenye mafuta, figo zilizochoka: majibu kwa akina mama watu wazima

Nilipoandika kuhusu figo, nusu ya maswali yaliyorudi yalihusu mifupa. Nimechagua yale yanayogusa vyote viwili. Mengine yanafanana, kwa hiyo nimeyaunganisha.

Nina miaka 68. Nilipigwa MRI ya kiuno kwa sababu ya maumivu ya mgongo, na ripoti inasema uboho wa pingili zangu umegeuka mafuta. Mwanangu kaisoma akashtuka. Ni saratani?

Shikamoo mama. Hapana. Tena kwa umri wako, maneno hayo yangepaswa kukutuliza.

Tunazaliwa na uboho mwekundu karibu katika kila mfupa, ule unaotengeneza damu. Tangu utotoni huanza kugeuka wa njano, yaani wa mafuta, kuanzia vidoleni na kusogea taratibu kuelekea kiwiliwili. Mtu mzima hubaki na mwekundu hasa kwenye pingili za mgongo, nyonga, mbavu na mfupa wa kifua, na hata huko mafuta huongezeka miaka inavyokwenda. Wanawake wana jambo lao la ziada. Kabla ya kukoma hedhi, pingili zao huwa na mafuta kidogo kuliko za wanaume wa rika lao. Hedhi ikishakoma, mafuta hayo hupanda haraka mpaka wanawapita wanaume, kwa sababu estrojeni iliyokuwa ikiyazuia imepungua.

Mwonyeshe mwanao picha zenyewe. Kuna aina ya picha za MRI inayoitwa T1, ambayo mafuta huonekana meupe yanayong'aa. Anayesoma picha hulinganisha uboho wa pingili na diski iliyo katikati ya pingili mbili. Uboho ukiwa mweupe kuliko diski, huo ni wa kawaida kwa mtu mzima. Ukiwa mweusi kuliko diski, ndipo anapojiuliza kama kuna kitu kimeingia na kuyasukuma mafuta nje, na saratani ni mojawapo ya vitu hivyo. Wako una mafuta, kwa hiyo hofu hiyo iweke kando.

Lakini soma hitimisho la ripoti hadi mwisho. Kama limetaja pingili iliyobonyea au iliyopungua urefu, hilo ndilo la kumrudia daktari nalo mapema, maana linaashiria mifupa dhaifu. Ajabu ni kwamba watu hukwama kwenye neno mafuta wakaruka mstari huo.

Mama yangu ana miaka 74 na ana ugonjwa sugu wa figo, hatua ya tatu. Nimesikia wenye figo dhaifu wana mafuta mengi kwenye uboho. Figo na uboho wapi na wapi?

Umesikia sawa. Utafiti uliofanyika kwa wazee nchini Iceland na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wenye figo zinazochuja kidogo walikuwa, kwa wastani, na mafuta mengi zaidi kwenye uboho wa pingili za kiuno. Tafiti za namna hiyo hutazama watu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hazisemi kipi kilitangulia. Hata hivyo, tunajua njia kadhaa zinazoviunganisha viungo hivi viwili.

Ndani ya uboho kuna seli shina ambayo inaweza kuwa seli ya kujenga mfupa au seli ya mafuta. Inayokwenda upande mmoja imepotea upande wa pili. Uzee, kukosa estrojeni na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huisukuma kuelekea kwenye mafuta. Ndiyo maana wenye mafuta mengi kwenye uboho mara nyingi hukutwa na mifupa iliyopungua uzito.

Figo nazo, watu wengi hudhani kazi yao ni mkojo tu. Figo ndizo zinazoikamilisha vitamini D ili mwili uweze kuitumia, ndizo zinazotoa fosfeti iliyozidi, na ndizo zinazotoa homoni ya kuuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Mfupa wenyewe hutuma homoni kwa figo kuziambia zimwage fosfeti. Figo zikichoka, mazungumzo hayo yanavurugika: fosfeti inabaki, vitamini D iliyokamilika inapungua, na tezi ndogo za shingoni ziitwazo parathiroidi zinafanya kazi kupita kiasi, zikichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa ili damu isipungukiwe. Mfupa unalipa deni la figo. Hapo ndipo mama mwenye figo dhaifu anapojikwaa kidogo tu sebuleni na kuvunjika nyonga.

Sasa la kufanya. Hakuna daktari atakayempima mama yako mafuta ya uboho ili apange matibabu. Kipimo hicho ni cha watafiti. Muulize daktari wake kama amepimwa kalsiamu, fosfeti, vitamini D na homoni ya parathiroidi, na kama kupima uzito wa mifupa kwa mashine ya DEXA kutabadilisha dawa atakazopewa. Hapo ndipo penye faida.

Mimi ni mwembamba, sijawahi kunenepa maishani. Mafuta ya uboho yananihusu?

Yanakuhusu, pengine kuliko jirani yako mnene. Mafuta ya uboho hayafuati kanuni za mafuta ya tumbo. Mtu akishinda njaa kwa muda mrefu, mafuta ya mwili huyeyuka huku ya kwenye uboho yakiongezeka. Wasichana wenye ugonjwa wa kujinyima chakula wamepimwa wakakutwa hivyo: mwili umekonda, uboho umejaa mafuta, mifupa ni dhaifu. Kwa hiyo, mama, usianze kujinyima ukitumaini kuyapunguza.

Kula uboho au kunywa supu ya mifupa kunaongeza mafuta hayo?

Hapana. Unachokula kinasagwa tumboni. Hakiendi moja kwa moja kukaa kwenye mfupa wako. Mwenye figo dhaifu aangalie chumvi ya hiyo supu.

Kipimo changu cha kreatinini kilitoka 90, na karatasi inasema kawaida ni 53 hadi 97. Nina miaka 74. Basi figo zangu ni nzima?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu karatasi hiyo imewapa wengi usingizi wasiostahili.

Kreatinini ni taka itokanayo na misuli, ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu. Chukua 90 hiyo hiyo uiweke kwenye fomula inayotumika sasa, ya mwaka 2021, ambayo huangalia umri na jinsia. Kwa mwanamke wa miaka 30, uchujaji wa figo unatoka takriban mililita 76 kwa dakika. Kwako wewe wa miaka 74 unatoka takriban 58. Ukiwa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, hesabu hiyo ndiyo tunayoiita ugonjwa sugu wa figo, na 58 iko hatua ya tatu, mwanzoni kabisa. Wala karatasi haikudanganya. Imekupa namba ya damu bila kukupa tafsiri yake.

Tena inaweza kuwa chini zaidi ya hapo. Mama mkongwe aliyepungukiwa misuli hutengeneza kreatinini kidogo, hivyo namba inaonekana nzuri wakati figo zinasinzia. Panapokuwa na mashaka, kuna kipimo kingine cha damu, sistatini C, ambacho hakitegemei misuli sana.

Usiogope lakini. Wengi wa hatua hiyo hawafiki kwenye kusafishwa damu. Rudia kipimo baada ya miezi mitatu, na uombe kipimo cha albumini, yaani protini ya damu, kwenye mkojo. Mkojo ndio unaonionyesha kama chujio linavuja, na watu huusahau kwa sababu damu inaonekana kama kipimo cha maana zaidi.

Damu yangu ni 10.4 na nimechoka kila siku. Ni mafuta ya uboho yamebana nafasi ya kutengeneza damu?

Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya 12 ni upungufu wa damu, kwa hiyo hiyo 10.4 haina budi kutafutiwa sababu. Usiisingizie mafuta, wala uzee. Kwanza pima madini ya chuma, vitamini B12 na folati, kisha figo, kwa sababu ile homoni ya kuuamuru uboho inaweza kuwa imepungua. Ukikutwa huna chuma wakati hedhi ilishakoma miaka mingi, lazima mtu aulize damu inapotelea wapi, mara nyingi kwenye tumbo au utumbo. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa bila swali hilo vinaweza kuficha jambo kubwa.

Daktari wa mifupa kanipa alendronate, kidonge cha kuimarisha mifupa, wa figo akasita. Nimsikilize nani?

Wakutanishe, hata kwa simu. Alendronate haishauriwi uchujaji ukishuka chini ya 35, na sindano ya zoledronic acid ni vivyo hivyo. Denosumab, sindano nyingine ya mifupa, haipiti kwenye figo, lakini kwa mwenye figo zilizochoka sana inaweza kushusha kalsiamu ya damu hadi kiwango cha hatari. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu hilo mwaka 2024. Na ukishaianza, ile sindano ya kila miezi sita usiiruke, kwani kuiacha ghafla kumevunja pingili za watu.

Kuhusu vidonge vya kalsiamu, mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 kwa siku, chakula kikiwa ndani ya hesabu hiyo. Kuongeza juu yake wakati figo ni dhaifu kunaweza kuishia kwenye kuta za mishipa ya damu badala ya mfupa.

Mazoezi yanapunguza mafuta ya uboho?

Mazoezi yanayobeba uzito wa mwili, kama kutembea kwa haraka na kupanda ngazi, yanafaa kwa mfupa na misuli, na hupunguza kuanguka. Hiyo inatosha kuwa sababu. Kama una kisukari na unatumia pioglitazone, mwambie daktari kwamba unajali mifupa yako: kundi hilo la dawa huongeza mafuta ya uboho, na limehusishwa na mifupa kuvunjika kwa wanawake. Usiiache mwenyewe.

Mama ana figo dhaifu na presha, na anameza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo. Kuna neno?

Lipo. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo. Zikikutana na baadhi ya dawa za presha pamoja na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kuzimika ndani ya siku chache, hasa mama akiharisha au akitapika. Paracetamol kwa kipimo sahihi ndiyo ya kwanza kujaribu. Aulizwe pia huo mgongo umeanza lini na kama urefu wake umepungua, maana anaweza kuwa anameza dawa ya maumivu juu ya pingili iliyobonyea ambayo hakuna aliyeipiga picha. Siku ya kliniki abebe kila kidonge anachomeza, pamoja na vile alivyonunua bila cheti.