Je, sindano za kuotesha upya ukuta wa utumbo ni salama?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina kolaitisi ya vidonda (uvimbe wa kudumu wenye vidonda kwenye utumbo mpana), mwaka wa 11 huu, natumia mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe huo. Mtandaoni kuna mtu anauza sindano za BPC-157. Anasema ni kichochezi cha ukuaji, kinaotesha upya ukuta wa utumbo, na hakina madhara kwa kuwa mwili wenyewe unakitengeneza. Naweza kuchoma kwa miaka?

JIBU: Marahaba. Usichome hata moja. Ni peptidi (kipande kifupi cha protini) ya maabara. Karibu yote yanayosemwa juu yake yametoka kwa panya. Soma lebo ya kichupa: mara nyingi imeandikwa ni ya utafiti tu, si ya kutumiwa na binadamu.

Hilo la "mwili wenyewe unakitengeneza" nalisikia kila kukicha, na linanikera kweli. Kichochezi halisi cha ukuaji, EGF, kimo hata kwenye mate yako. Kazi yake ni kuiamuru seli igawanyike, na hakichagui seli nzima na iliyokwisha kuharibika. Ipo dawa ya saratani ya utumbo mpana, cetuximab, inayofanya kazi kwa kuziba kipokezi hichohicho cha EGF, yaani pale EGF inaposhikia kwenye seli. Wenye saratani tunawazibia, halafu wewe uuziwe cha kukichochea?

EGF ilijaribiwa Uingereza kwa wenye ugonjwa kama wako, matokeo yakatoka 2003. Kati ya wagonjwa 12 waliopewa kwa njia ya haja kubwa, 10 walitulia baada ya wiki 2. Waliopewa dawa bandia ya kulinganishia, isiyo na EGF, 1 kati ya 12. Inatia moyo, lakini wiki 2 hazisemi lolote kuhusu miaka 10. Na utumbo uliovimba miaka mingi tayari una hatari kubwa zaidi ya saratani. Ndiyo maana kipimo cha kamera huanza miaka 8 hivi tangu dalili zijitokeze. Wewe umeshapita.

Teduglutide, dawa halali ya waliobaki na utumbo mfupi, nayo huchochea ukuta kukua. Mtu mzima haanzi kabla ya kamera na kuondolewa polipu (vinyama vinavyoota ndani ya utumbo); hurudia baada ya mwaka 1, kisha angalau kila miaka 5. Muulize muuzaji wako kamera atakupigia nani.

Wanaoniumiza zaidi ni wanaoacha mesalazini wakishaanza sindano za mtandaoni, wakaja kwangu wakitokwa damu. Anayekwambia uache dawa ili yake ifanye kazi, mkimbie. Endelea na mesalazini, na kama hujapigwa kamera karibuni, omba miadi wiki hii.