Masikio ya Vibwengo Wangu

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa msomaji kijana anayeandika riwaya yake ya kwanza. Aliniambatishia kurasa 12 za maelezo ya vibwengo wa ulimwengu aliouumba: rangi ya ngozi, urefu wa kucha, idadi ya meno, namna macho yao yanavyong'aa gizani. Aliuliza, kwa adabu kubwa, kwa nini kila anayezisoma kurasa hizo huzisifu, kisha haombi nyingine. Nimekwisha kumjibu, lakini swali lake limenigusa penye kidonda, na naona ni haki niwajibu ninyi nyote mnaotamani kuumba viumbe wenu wenyewe.

Miaka minane iliyopita nilimaliza mswada wa kurasa zaidi ya 300 kuhusu vibwengo. Mhariri aliyeusoma aliurudisha akiwa ameandika sentensi moja pembezoni mwa ukurasa wa nne: hawa ni wanadamu wafupi waliopakwa rangi ya kijani. Sitaficha kwamba neno lile "waliopakwa" bado linaniuma, kwa kuwa lilifuta kazi ya usiku mwingi. Hata hivyo alisema kweli. Vibwengo wangu waliishi mapangoni kwa sababu vibwengo wa waandishi wengine waliishi mapangoni. Waliiba kwa sababu nilizoea kusoma kwamba wanaiba. Na masikio yao yalikuwa makubwa bila sababu yoyote.

Nilianza kupata mwanga nilipofuatilia asili ya viumbe wa aina hii huko Ulaya. Wachimbaji madini wa Saxony, Ujerumani, walikuwa wakikuta mawe yanayofanana na yenye fedha, lakini walipoyayeyusha hawakupata fedha, bali moshi wa sumu ya aseniki. Walimlaumu kobold, kiumbe wa chini ya ardhi waliyeamini kuwa amewachezea. Katika miaka ya 1730 mkemia wa Uswidi, Georg Brandt, alitambua kwamba ndani ya mawe ya namna hiyo mlikuwa na metali isiyojulikana, na jina la kiumbe yule likabaki kwenye metali hiyo, ambayo leo tunaiita kobalti. Tazameni vizuri: wachimbaji wale hawakuanza na sura ya kobold. Walianza na kazi yao, hasara yao na mapafu yao.

Basi nikauacha mgodi wa watu na kurudi kwenye mikoko, ambako ninajua jinsi tope linavyonuka na jinsi mizizi ya mchu inavyochomoza kama vidole. Nikamkumbuka pia bibi yangu, mzaliwa wa Lamu, aliyekuwa na ndewe pana, yaani matundu ya kuvalia mapambo, masikioni. Nilipopata akili hakuwa akivaa majasi, mapambo ya kutia katika matundu hayo, tena, kwani alikuwa ameyauza wakati wa dhiki, na kila aliposhika sikio alitaja ni nani aliyesomeshwa kwa fedha ile. Ndewe zile tupu zilikuwa daftari lake. Siku niliyolielewa hilo ndiyo siku walipozaliwa Wandewe, vibwengo wangu wapya.

Wandewe wanaishi katika msitu wa mikoko wa ulimwengu wangu, na maisha yao yanafuata maji. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, huja mara mbili katika kila mwezi mwandamo, mwezi unapoandama na unapopevuka. Wakati huo maji hupwa mbali sana, nao hushuka kuokota kaa na chaza hadi vikapu vijae. Maji mafu yakiingia, eneo linalobaki kavu huwa dogo, njaa huanza, na hapo mmoja hulazimika kukopa kwa mwenzake. Mkopeshaji huchonga jasi la mti wa mkandaa na kulitia katika sikio la mkopaji mbele ya mashahidi. Deni likilipwa, jasi hutolewa, lakini tundu hubaki na kuzidi kupanuka. Kwa hiyo mzee ambaye ndewe zake zimelegea hadi mabegani, zikiwa tupu, ndiye anayeheshimiwa kuliko wote, maana amekopeshwa mara nyingi na amelipa kila mara. Tusi lao kubwa ni kumwita mtu "sikio zima", yaani mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwamini hata kwa kaa mmoja. Anayefariki na jasi sikioni humwachia mwanawe, na mtoto huanza maisha akiwa na uzito wa mtu mwingine upande mmoja wa kichwa.

Kutokana na desturi hiyo moja, hadithi nzima ilijiandika. Wandewe huchukua nyavu na vyungu katika mashua za wanadamu, na mahali pake huacha jasi, wakitarajia mwenye mali aje awatie sikioni mbele ya mashahidi. Wanadamu hukitupa kile kipande cha mti baharini na kupiga kelele za wizi. Hakuna upande unaosema uongo, na vita huzuka.

Nasema kwa fahari kwamba mswada huo mpya ulikubaliwa mwaka jana, na kwamba mhariri hakugusa hata aya moja ya sura ya masikio. Ushauri wangu, basi, ni huu: kila kiungo cha kiumbe wako kiwe na kazi, na kazi hiyo itokane na anachokula na anachokiogopa. Uliza njaa yake inaingia lini. Uliza akikosa chakula anamwendea nani, na anamwachia nini. Rangi ya ngozi itakuja yenyewe, na isipokuja hakuna atakayeiulizia. Tuache kuazima mapango ya watu ilhali pwani yetu, maziwa yetu na milima yetu vimejaa kazi ambazo hazijapata viumbe wake. Ni kutojiheshimu kuandika kwa Kiswahili kuhusu msitu usioujua na kuupita kimya ule uliokulea.

Kijana yule nimemwomba aziweke kando zile kurasa 12, aniandikie ukurasa mmoja tu: kibwengo wake ameamka, hana chakula, na jirani yake anakaanga samaki.