Bodi ikirudi, mahindi yetu yatamwagwa wapi?

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni mkulima wa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Kikundi chetu kina watu 34, tunalima mahindi na wimbi kwa kilimo hai, bila mbolea ya dukani wala dawa ya kupuliza. Mnunuzi wetu anasaga unga wa uji wa watoto Kampala, naye hutuongezea bei. Msimu uliopita mahindi ya kawaida yalianguka bei hadi watu wakayaacha uani yakinyeshewa. Sasa kila mkutano majirani wanasema serikali irudishe bodi ya kununua mazao, kila mtu auze huko kwa bei moja. Wameandika barua na wanataka tutie sahihi. Mpwa wangu aliyeko Canada anasema wenzetu wa huko waliteswa na bodi ya namna hiyo. Ni kweli? Nitie sahihi?

Mkulima wa wimbi, Bweyale

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua hiyo usiitie sahihi jinsi ilivyo. Ila nakuomba usigombane na majirani. Mtu aliyeona jasho lake likiota ukungu uani ana haki ya kulia.

Mpwa wako amesema kweli. Canadian Wheat Board, bodi ya ngano yenye makao Winnipeg, iliundwa 1935, bei zikiwa zimeanguka kama zilivyowaangukia majirani zako. Mwaka 1943 ikawa lazima: mkulima wa Manitoba, Saskatchewan, Alberta na sehemu ya British Columbia hakuruhusiwa kuuza ngano yake nje ya nchi bila kuipitia bodi hiyo. Mavuno ya wote yaliingia kapu moja. Ukifikisha nafaka unapewa malipo ya kwanza, na hesabu ya msimu ikifungwa unamaliziwa kilichobaki. Wengi waliipenda, kwa sababu bila bodi kila mmoja angesimama peke yake mbele ya makampuni makubwa ya nafaka.

Aliyeumia ni mkulima wa kilimo hai. Mnunuzi alimtafuta mwenyewe, pengine Ulaya au Marekani, na cheti alikilipia mwenyewe. Lakini sheria ilimtaka kwanza aiuzie bodi ngano yake kwa bei ya awali, kisha ainunue tena kutoka kwa bodi kwa bei yake ya juu, ndipo ampelekee mteja wake. Yote hayo kwenye karatasi, ngano yenyewe ingali ghalani kwake!

Tuseme ingekuwa Bweyale, kwa hesabu ya mfano tu. Una kilo 5,000. Bodi inakupa shilingi 800 kwa kilo, halafu inakuuzia mahindi yako yaleyale kwa 1,000. Umeshatoa milioni 1 kabla mnunuzi wako wa unga hajakulipa hata senti. Mwisho wa msimu sehemu ya pesa hiyo itakurudia kupitia lile kapu, lakini ada ya shule haingoji mwisho wa msimu. Huko Canada lazima hiyo iliondolewa tarehe 1 Agosti 2012, baada ya miaka mingi ya mabishano na kesi.

Na mimi nina langu. Kabla ukiritimba wa bodi zetu hapa Uganda haujavunjwa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala moja. Siku moja alikuja mzee na mahindi yaliyopepetwa vizuri, huoni hata pumba, gunia limeshonwa mdomo kwa kamba ya katani. Nikapima kilo 97. Mpagazi akakata kamba kwa kisu, akayamwaga juu ya lundo lililokuwa limeshaingia fukusi. Mzee akainama, akachota konzi moja ya mahindi yake, akayatazama kiganjani, akayarudisha. Nikamwandikia stakabadhi. Alirudi mara nne kuulizia pesa zake, na mara zote nne ni mimi niliyemwambia bado. Sijamsahau.

Ndiyo maana nasema shida yako kubwa ni lile lundo, kuliko hata bei. Mahindi hai yakishachanganywa hayatenganishiki tena. Na hata yakiwekwa pembeni, ghala la jumla hufukizwa kwa vidonge vya fosfini, sumu ya kuua wadudu, na hapo si ya kilimo hai tena hata kama shambani hukugusa dawa.

Kwa hiyo nenda mkutanoni uombe barua iongezwe sentensi moja: wakulima wenye uthibitisho wa kilimo hai wauze moja kwa moja kwa wateja wao, na bodi ipewe taarifa ya kilo tu. Wakikubali, tia sahihi. Wakikataa, rudi na kalamu yako.

Uwape na jambo la kuwafaa sasa, bodi ije isije. Tangu 2006 tuna sheria ya stakabadhi za ghala, na ni hiari. Mtu anapeleka mahindi makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5, kwenye ghala lenye leseni, anapewa stakabadhi, anasubiri bei ipande. Stakabadhi hiyo inaweza kuwa dhamana ya mkopo. Majirani wengi wanauza wiki ileile ya kuvuna kwa sababu hawana pa kuweka, na dalali anajua.

Hukuniambia kama kikundi chenu kina uthibitisho wowote. Kama ni neno la mdomo tu, hiyo sentensi haitawalinda. Kwa soko la hapa kwetu kuna alama ya Kilimohai, chini ya kiwango cha Afrika Mashariki cha 2007, na vikundi vinaweza kuipata kwa utaratibu wa wakulima kukaguana wenyewe, ambao gharama yake ni nafuu kuliko kumwita mkaguzi wa nje. Anzeni na daftari la ghala: tarehe, shamba la nani, magunia mangapi, yamewekwa wapi. Mahindi yakae kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, fukusi wafe bila kidonge. Na mlango wa ghala uwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti.