Danio tangini: maswali yenu na majibu

Safari hii wengi mmeuliza kuhusu danio, vile visamaki vya milia visivyojua kutulia.

Nina danio sita wa milia na wanne wa madoa. Wanafukuzana, wanataga pamoja. Nitapata machotara?

Hakuna uchotara hapo. Wote ni Danio rerio. Wametofautiana rangi tu, kama kuku mweusi na wa madoadoa. Hata wataalamu walikwama: mwaka 1963 yule wa madoa aliandikwa kuwa spishi ya pekee, baadaye ikabainika ni yule yule. Kumtambua rerio wa milia, mtazame nyuma: milia ya buluu hunyooka ubavuni mpaka ikaingia ndani ya mkia wenyewe, na pezi la chini karibu na mkia nalo lina milia. Ukisogeza uso kiooni utaona na visharubu vyembamba mdomoni. Akipita sentimita 6, huenda umeuziwa danio mkubwa wa jenasi ya Devario, anayefika sentimita 10 na kuhitaji tangi kubwa zaidi. Mwenye vidoa kama nyota na mapezi mekundu ni Danio margaritatus wa Myanmar, aliyejulikana kwa wafugaji mwaka 2006 tu. Huyo ni mwoga. Usimchanganye na hawa wakimbiaji.

Ninao watatu. Mmoja kutwa anawatimua wenzake. Nimtoe?

Usimtoe, ongeza wengine. Ukimtoa, wa pili atarithi ubabe. Danio hupangana vyeo, na wakiwa watatu mnyonge mmoja ndiye anayekula kichapo chote. Wakiwa wanane kinagawanyika. Wasipungue sita. Tangi liwe refu, sentimita 60 hivi, maana danio hukimbia kwa urefu. Na lifunikwe! Mimi nimewahi kuokota mmoja chini ya kiti, amekauka kama dagaa.

Niliweka danio kumi siku ile ile niliyojaza tangi. Maji yalikuwa maangavu, lakini siku ya nne walianza kuhema juu juu, saba wakafa. Niliuziwa wagonjwa?

Sidhani. Naishuku amonia. Inatokana na uchafu wa samaki na chakula kilichobaki, haina rangi, na inaunguza matamvua, yaani viungo vya samaki vya kupumulia. Ndiyo maana walipanda juu kutafuta hewa. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na makali hayo, huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye sponji ya chujio. Tangi lako halikuwa nao. Ushauri wa “anza na danio, ni sugu” siupendi hata kidogo: usugu wake unamfanya tu achelewe kufa.

Hao watatu badilishia robo ya maji kila siku, maji yaliyokwisha kuondolewa klorini, na chakula kiwe punje chache, siku moja moja ukiruka. Nunua vipimo, usiongeze samaki mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Sponji ikichafuka, ikamulie kwenye ndoo ya maji ya tangi. Ukiiosha bombani, klorini itaua bakteria uliowasubiri wiki zote hizo.

Danio anahitaji hita?

Rerio huvumilia nyuzi 18 hadi 26 bila shida. Chumba kisiposhuka hapo, hita ya nini?

Majike wana matumbo, lakini vifaranga sioni.

Mayai yanaliwa, tena na wazazi wenyewe. Danio hutaga mwanga wa asubuhi unapoingia, na mayai hudondoka chini bila kunata. Chukua chombo cha pembeni, tandaza gololi safu mbili, kisha jioni weka jike mnene na madume wawili wembamba. Mayai yatapenya kati ya gololi. Asubuhi watoe wote. Vifaranga huanguliwa baada ya siku mbili au tatu, wakabaki wameganda kwenye kioo kama vipande vya uzi. Usiwalishe mpaka waanze kuogelea wenyewe.

Mmoja amekonda na mgongo umepinda.

Huenda ni uzee, lakini kuna kifua kikuu cha samaki, na danio humpata sana. Mtenge leo. Bakteria wake huweza kuingia mwilini mwako kupitia kidonda, kwa hiyo mkono wenye mchubuko usiingie tangini bila glavu, na usivute maji kwa mdomo unaposafisha. Tiba ya kutegemea hakuna. Mpaka ujue kilichompata, usimgawie mtu samaki wala mmea kutoka tangi hilo.