Anza na mabaki, ndipo ufungue shiti mpya

Ukimuuliza anayeanza kukata kwa leza kinachomsumbua, atakutajia kasi na nguvu: plaiwudi ya milimita 3 niikate kwa asilimia ngapi? Ni swali la haki, na jibu lake hupatikana kwa kukata viraka vichache vya majaribio. Hasara kubwa huwa kwenye rafu. Pale utakuta shiti zilizotobolewa katikati, akriliki (plastiki ngumu inayofanana na kioo) isiyo na jina, na nusu ya plaiwudi ambayo hakuna anayekumbuka unene wake. Malighafi ipo, lakini wakati wa kupanga kazi kwenye kompyuta ni kama haipo. Ndiyo maana siku hizi naanzia kwenye rafu, mchoro unafuata.

Hesabu yenyewe huanza kabla shiti haijafika mezani. Plaiwudi nzima kwa kawaida ni milimita 1220 kwa 2440. Mashine yenye meza ya 600 kwa 400 inaipenda sana: unapata vipande 12 vya ukubwa huo, na kinachobaki ni vijiti vyembamba pembeni ambavyo msumeno utakula sehemu yake. Meza ya 900 kwa 600 ina mtihani kidogo. Ukikata bila kufikiri unapata vipande vinne, na unabaki na ukanda wa takriban 640 kwa 1220. Ukiugeuza ukanda huo unatoa kipande cha tano, ila nyuzi za mbao sasa zinakwenda upande mwingine. Kwa kazi ya kuchonga maandishi huenda isikusumbue. Kwa sanduku ambalo kuta zake zinatakiwa zifanane, itaonekana kutoka mlangoni. Kipande hicho cha tano mimi hukiwekea alama ya mshale inayoonyesha nyuzi zinakoelekea.

Halafu unene. Usiamini namba ya dukani. Plaiwudi inayouzwa kama ya 3 inaweza kupima 2.7 au ikavuka 3, na pembe mbili za shiti moja zinaweza kutofautiana. Akriliki ya kumiminwa nayo hubadilika unene zaidi ya ile ya kusukumwa mashineni. Kama kazi yako ina meno na matundu ya kuunganishia, tofauti ya sehemu tatu za kumi za milimita inatosha kufanya sanduku lilegee au ligome kabisa kufunga. Kwa hiyo kila kipande kinachoingia kwenye rafu hupimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, na unene halisi huandikwa juu yake kwa kalamu, pamoja na namba ya kipande na aina ya malighafi.

Hiyo aina ya malighafi usiidharau. Plastiki nyeupe isiyo na jina inaweza kuwa PVC, nayo ikikatwa kwa leza hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayochoma mapafu na kula chuma cha mashine. Kipimo cha haraka ni waya wa shaba: uchome uwe mwekundu, uguse plastiki, urudishe motoni mahali penye hewa. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini ndani yake, na kipande hicho hakiingii mashineni. Lakini lebo iliyoandikwa siku ya kwanza ingekuepusha na waya, moto na mashaka yote hayo.

Sasa tuje kwenye programu. Natumia LightBurn, ambayo ina maktaba ya malighafi: unahifadhi kasi na nguvu kwa jina la malighafi na unene wake. Wengi huishia hapo. Mimi naongeza faili moja zaidi, ambayo ni rafu yangu kwenye skrini. Kila baki lenye maana nimelichora kwa umbo lake halisi, na matundu yake, kwenye leya ya zana, yaani tabaka la mchoro ambalo mashine hailikati. Kazi ikija, nanakili umbo la baki hilo kwenye faili ya kazi na kupanga vipande juu yake, kama fundi cherehani anavyopanga ruwaza juu ya kitambaa kilichobaki. Kinachoingia ndani ya mistari kinakatika. Kisichoingia kinaonekana mapema, kabla leza haijawashwa.

Kuchora mabaki kunachosha pale tu yanapokuwa na maumbo ya ajabu, na dawa yake ni kutoyazalisha. Panga vipande ukianzia kwenye pembe, usiweke kamwe duara moja katikati ya shiti safi. Mwishoni mwa mpangilio ongeza mstari mmoja ulionyooka unaotenganisha sehemu iliyotumika na iliyobaki. Baki la mstatili linachorwa kwa namba mbili. Baki lenye umbo la ramani ya visiwa linachukua muda mwingi kuliko thamani yake.

Kuna programu zinazopanga vipande zenyewe, kama Deepnest, ambayo ni ya bure. Ni nzuri kwa maumbo mengi yaliyopinda. Lakini isipowekewa mipaka itazungusha vipande ovyo, na nyuzi za mbao zitakwenda kila upande, kwa hiyo kwa plaiwudi ruhusu mzunguko wa nusu duara tu. Kwa mistatili, mkono wangu bado unashinda. Madirisha ya ndani pia ni malighafi: kipande kidogo kinaweza kukaa ndani ya tundu la kipande kikubwa, mradi mashine ikate cha ndani kwanza. Tundu likikatwa mapema hudondoka au kuinama, na kilichomo ndani kinakwenda nalo.

Nafasi kati ya vipande nayo ni suala la akili. Mwale wa leza wenyewe hula mara nyingi kati ya sehemu moja na mbili za kumi za milimita, lakini joto huenda mbali zaidi ya hapo. Kwenye plaiwudi nyembamba naacha milimita mbili hivi, kwenye akriliki nene zaidi. Wapo wanaogandisha vipande, yaani kuvipanga vikigusana, ili mstari mmoja ukate kingo mbili. Inaokoa muda, sikatai. Lakini kipande cha kwanza kikiachia na kusogea, mstari wa jirani unaharibika, na ukisahau kufuta mistari iliyolaliana leza itapita mara mbili palepale na kuunguza ukingo. Kwa kazi ya mteja sigandishi.

Faili za zamani za Inkscape, programu ya kuchorea, ziangalie kwa jicho kali. Toleo la 0.92 la mwaka 2017 lilibadilisha hesabu kutoka nukta 90 kwa inchi hadi 96, hivyo mchoro wa kale wa milimita 100 unaweza kujifungua ukiwa 93.75. Pima kitu kimoja unachokijua kabla ya kupanga chochote.

Baki likishawekwa mezani, liegemeze kwenye pembe iliyofungwa imara na utumie mfumo unaofuata vipimo vya meza nzima, siyo ule unaoanzia pale kichwa cha leza kilipo, maana mchoro wa baki una pembe yake ya kweli. Zungusha kichwa kwenye mpaka bila kuwasha leza. Kikipita nje ya mbao, rekebisha kwenye skrini.

Baada ya kukata, futa umbo la zamani kwenye faili ya rafu na uchore jipya hapohapo, kabla ya kufagia. Vipande vidogo kuliko kiganja sivichori. Vinaingia kwenye boksi la majaribio, na boksi likijaa, vya chini vinatupwa.