Maafa huharibu mali, mbona takwimu za uchumi hupanda?

Swali: Assalaam aleykum. Nasomesha uchumi katika skuli ya sekondari hapa Wete. Wanafunzi wangu wanauliza: ikiwa kimbunga au tetemeko la ardhi huharibu mali nyingi, kwa nini baadhi ya nchi maskini huonyesha ukuaji mkubwa wa uchumi mwaka unaofuata? Je, maafa yanaweza kuwa na faida?

Jibu: Waaleykum salaam, Mwalimu. Utata huu unatokana na kipimo chenyewe. Pato la taifa hupima kinachozalishwa ndani ya mwaka, wala halipimi mali iliyokwisha kulimbikizwa. Daraja likichukuliwa na mafuriko, thamani yake haitolewi katika hesabu ya pato la mwaka huo, lakini saruji, nondo na ujira wa mafundi wanaolijenga upya vyote huhesabiwa.

Mfano ulio karibu nasi ni kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872, kilichoangusha takriban theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja na kuharibu merikebu za Sayyid Barghash bandarini, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ilipanda, wenye mashamba wa Pemba wakanufaika, na Pemba ikawa ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi. Anayejumlisha mapato ya visiwa vyote viwili huona faida ya kimoja ikifunika hasara ya kingine. Tena mkarafuu hausimamishwi upya kama ukuta: mche hukaa miaka sita hadi minane, pengine zaidi, kabla ya kuzaa, na muda wote huo mwenye shamba hupalilia bila ya kuanika hata pishi moja. Hata hivyo, tusiubebeshe upepo kila kitu, kwa sababu mashamba yale yalitegemea kazi ya watumwa, na mkataba wa mwaka 1873 wa kuzuia kuwasafirisha kwa njia ya bahari nao uliathiri upatikanaji wa nguvukazi.

Nchi zenye uchumi mdogo huumia zaidi kwa sababu pigo moja linaweza kuzidi pato lao la mwaka mzima. Hasara ya tetemeko la Haiti la Januari 2010 ilikadiriwa kuwa kama asilimia 120 ya pato la taifa la mwaka uliotangulia. Ile ya kimbunga Maria nchini Dominica, mwaka 2017, ilifikia asilimia 226. Bima ni chache, kwa hivyo serikali hukopa au huhamisha fedha zilizotengewa skuli na hospitali. Ukame una njia yake: hauvunji majengo, bali hupunguza mavuno moja kwa moja, na takwimu huonyesha hasara mapema.

Linalonisikitisha zaidi ni lile lisiloonekana katika hesabu za mwaka. Mkulima akiuza ng'ombe wake ili familia ipate chakula, au akimwachisha mtoto skuli, anapunguza kipato cha miaka mingi ijayo.

Kwa hivyo, Mwalimu, waambie wanafunzi wasilinganishe mwaka wa maafa na mwaka unaofuata tu. Wachore mstari wa pato la kila mtu kwa miaka kumi kabla ya maafa, wauendeleze kwa mwelekeo ule ule, kisha wapime umbali uliopo kati yake na pato halisi la miaka kumi baadaye.